Bei ya Matibabu Yasiyokuwepo

Jumatatu nililetewa habari kwamba mama yule wa Raskazone, mdadisi mwenzangu katika utafiti wa nyumba kwa nyumba, ametutoka. Nimeiandika sentensi hii mara sita, na namsikia kabisa: "Mwanangu, mimi nishazikwa, wewe ungali unahangaika na nukta!" Mungu amrehemu.

Tulikutana miaka ile sabuni na sukari zilipoanza kurudi madukani, na hospitali nazo zikaanza kuzungumzia wagonjwa kuchangia gharama. Waliotuajiri walitaka kujua watu wasiopata watoto wangekuwa tayari kulipa kiasi gani watibiwe. Tulitaja bei, mtu akikubali tunapandisha, akikataa tunashusha, hadi tufike kikomo chake. Mimi, niliyejifunza utafiti kwa vitabu vya kuazima, niliikariri fomu neno kwa neno. Siku ya kwanza kule Moa, baba mmoja aliponiona nashusha bei akasogeza kiti. "Hapo sasa twaelewana. Shusha tena." Nikashusha, nikashusha, hadi tukafika bei ya fungu la dagaa. Ndipo akauliza kama dawa ninayo mkobani. Mama yule alicheka hadi mtandio ukamwanguka.

Akashauri tuulize kwa vitu, maana shilingi ya wiki hii haikuwa ya wiki ijayo: ungekubali kuachana na nini? Nikauliza vizuri mno. Mshonaji mmoja, mwaka wa saba wa ndoa bila mtoto, alinijibu taratibu: "Cherehani yangu." Nikaliandika jibu kwa mwandiko safi, nikajivuna.

Siku ya tatu tukapita pale tena. Cherehani ilikuwa barazani imefungwa kamba, na mnunuzi alikuwa akikagua gurudumu lake.

"Shikamoo mama," mshonaji alimwamkia mwenzangu. "Mwambie kijana wako niko tayari. Matibabu yaanza lini?"

Nikafungua fomu kutafuta la kusema. Mama akaifunga. "Marahaba, mwanangu. Hakuna matibabu. Tuliuliza ingekuwaje kama yangekuwepo. Kosa letu, hatukukwambia." Akamgeukia mnunuzi: "Nawe toa mkono, haiuzwi."

"Watu wazima," mshonaji akasema, "mwazunguka na jua lote hili, mwauliza tu?"

Mama akakaa chini, akaanza kufungua kamba. Akaniambia nishike upande wa pili, nisisimame kama mlingoti.

Siku hizi kila kitu kina bei, na wenye fomu tumekuwa wengi. Nimesoma sana tangu hapo jinsi ya kupanga maswali, lakini sijaona kitabu kinachonionya kwamba mtu aliyesubiri miaka saba, ukimuuliza bei, anaamini bidhaa imefika. Baada ya siku ile, kila mlango tuliobisha mama alinisukuma begani: "Anza na tusichokuwa nacho." Nikaanza nacho: hatuna dawa, hatuna daktari, tuna swali tu. Wapo waliotufungia mlango. Waliobaki ndio waliotujibu.