Jina Nililompa Kambale

Mpira wa basketi ukidundwa juu ya sementi iliyolowa maji hutoa sauti mbili: kwanza pigo, kisha mlio mdogo kama wa busu, mpira unapojibandua chini. Niliisikia sauti hiyo mwaka uliopita huko Kisangani, nimekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Vijana walikuwa wanacheza nyuma ya ukuta baada ya mvua. Kabla maji hayajapoa nilikuwa nimekwisha kufunga mizigo.

Wanaonijua hawakushangaa. Nina miaka arobaini na kitu, na sijawahi kukaa mji mmoja miaka mitatu. Bunia, Kasese, Kigoma, kote nimefika na kote nimeondoka. Lakini mara nyingi huwa sijui ninakokwenda. Safari hiyo nilijua, na ninyi ndio nitakaowaeleza, kwa sababu kwetu sijamwambia mtu.

Nilizaliwa Butembo. Baba alikuwa fundi wa viatu, na nyumba yetu ilinuka gundi, ngozi na mpira wa tairi, hata uji ulikuwa na harufu ya karakana. Jina langu ni Kahindo, jina la msichana anayekuja kugeuza mfululizo wa wavulana. Kwetu jina la kuzaliwa halichaguliwi, linahesabiwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea hivyo mpaka mama achoke. Ukiita "Kambale!" sokoni Butembo, watu ishirini wanageuka. Ndiyo maana kila Kambale anatafutiwa kitu cha kumtenga na wenzake: huyu Kambale Chumvi, yule Kambale wa kwa Padri. Mtu haombi kitu hicho. Kinamjia tu, na kikishashika hakitoki.

Kambale ninayemzungumzia alikuwa hajapata chake. Alikuwa mtoto wa mama mkubwa, dada wa mama yangu aliyeolewa Beni, kule Mulekera. Kwa desturi yetu mtoto kama huyo si binamu, ni kaka, nami nilimwita Yaya Kambale. Alikuja kwetu mwezi wa kumi, nikiwa na miaka tisa, pamoja na timu ya basketi ya shule yao. Masomo yalikuwa yameanza majuzi, na mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa dhidi ya collège yetu, shule ya mapadri ambayo mji mzima uliiabudu. Wachezaji wa Beni waligawanywa katika familia za parokia walale huko. Kambale alikuja kwetu na furushi la mchele, mananasi mawili, na barua.

Barua ilikuwa ya kumpelekea padri préfet, mkuu wa collège. Mama mkubwa alimwomba ampokee mwanawe. Kambale alikuwa na akili ya hesabu, na shule yao ilikuwa na walimu watatu tu kwa madarasa sita. Kabla ya Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, mlango wa collège ulikuwa bado wazi, na kila mtu alijua kwamba padri alipenda wavulana wanaojua basketi. Angekaa kwetu miaka minne mpaka diplôme, cheti cha kumaliza sekondari. Mama alikuwa amekwisha kumshonea godoro la nyasi kavu.

Ijumaa jioni, jua bado lipo, Kambale alinifundisha mchezo wake uani. Alitundika kwenye mparachichi kikapu cha mama kilichooza kitako, akasokota mpira wa majani ya migomba, kisha akachora mstari chini kwa kijiti, mbali kidogo na mti.

"Ngoja, Kahindo," aliniambia. "Ukininyanganya mupira, hapana rusha papo hapo. Unatoka kwanza mpaka ku mustari. Ndio unageuka, unarudia, unafunga."

"Na kama mustari iko mbali?"

"Unakimbia. Miguu iko ya nini?"

Tulicheza mpaka majani yakafumuka. Alipendeza kumtazama: anafika mstarini, anageuka juu ya kisigino kimoja kama mlango kwenye bawaba, na tayari amesharudi chini ya kikapu. Nilitamani sana akubaliwe. Nilikuwa nimechoka kuwa na kaka wanaonipiga, nilitaka mmoja wa kucheza naye. Mlishike hilo, maana kesho yake nilifanya kama sikuwahi kulitamani.

Jumamosi nilikaa juu ya ukuta wa collège pamoja na watoto wengine, tukitafuna muwa. Ukungu ulikuwa umeondoka na sementi ya kiwanja ilikuwa bado imelowa. Watu wa Beni walianza kupotea dakika za kwanza kabisa. Walikimbia, wakasimama, wakatazamana. Kuhema kwao kulisikika mpaka ukutani, na wetu waliwapita kama wanaopita miti. Kufika mapumziko watu walikuwa wameacha kushangilia, wanacheka tu.

Kipindi cha pili, Kambale aliruka chini ya ringi waliyokuwa wanailinda na kunyakua mpira. Alitoka nao mbio, akawapita wawili wetu, akafika mstari wa katikati. Hapo, badala ya kuendelea, aligeuka juu ya kisigino, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na kurudi alikotoka. Hakuna aliyemzuia, wetu kwa mshangao, wao kwa aibu. Akaruka, akafunga. Mpira ulipita katikati ya ringi bila kugusa chuma. Lilikuwa bao zuri kuliko yote ya siku ile, na lilikuwa letu.

Kiwanja kizima kilinyamaza. Kambale alishuka na tabasamu usoni, ambalo lilikaa muda wa kuhesabu mpaka mbili.

Katika ule ukimya nilisimama juu ya ukuta, na kwa sauti yangu nyembamba nikapiga kelele: "Merci!"

Merci ndilo neno letu la kushukuru, kila mtu analitumia akipewa hata kijiti cha kiberiti. Kicheko kiliporomoka kama mawe kutoka kwenye lori. Kisha watu wote, wanafunzi, wamama wa sokoni, hata frère, mtawa aliyeshika filimbi, wakaanza kuimba: "Merci! Merci! Merci!" Kila Kambale alipogusa mpira, waliimba. Tulishinda sabini na moja kwa kumi na tatu. Watoto wenzangu walinibeba mabegani. Sijawahi tena maishani kushangiliwa hivyo, na nakiri mbele yenu kwamba nilisikia utamu.

Jumapili baada ya misa, mashabiki walikusanyika penye karakana ya baba kama kawaida yao. Kambale alikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa mbao ambao hata kikohozi kilipenya, akingoja jibu la padri. Aliyetawala mazungumzo alikuwa Kasereka Benz, dereva wa lori, pamoja na Papa Désiré, karani wa serikali kutoka Équateur ambaye Kiswahili chake kilitembea na Lingala bega kwa bega.

"Mimi hapana ona mupira ya vile tangu nizaliwe," alisema Kasereka Benz. "Sabini na moja! Tena mwanzo wa saison! Beni barudie ku mananasi yabo."

"Ndeko, ndugu yangu, sema ukweli," alijibu Papa Désiré. "Sisi tulifunga makumi sita na tisa. Ile mbili ingine ni cadeau, ni zawadi ya Beni."

"Mais donc, ule petit alikuwa anatafuta nini? Alisahau sahani ku nyumba?"

"Hapana, papa. Aliona timu yetu inateseka, akatusaidia. Ni mukristo."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba aliendelea kugonga misumari kwenye soli, kichwa chini. Angeweza kusema, "Ule mutoto ni wa dada ya muke yangu, iko humu ndani." Hakusema. Walikuwa wateja wake, na nadhani naye alikuwa na kiburi cha Butembo.

Kisha Kasereka Benz aliniona mlangoni. "Eh, Kahindo! Ni wewe ulianzisha! Kuya hapa, piga tena ile merci yako, Papa Désiré asikie vizuri."

Nilijua Kambale yuko nyuma ya mbao. Msiseme nilikuwa mtoto, kwamba sikujua. Nilijua hata kwamba amekaa kitandani, maana nilisikia nyasi za godoro zikilia chini yake. Nikavuta pumzi, nikaliita lile neno kwa nguvu kuliko jana.

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha Kambale aliposhuka kizingiti, furushi begani. Kwa adabu ya nyumba ya watu alimpa mkono kila mkubwa, mmoja mmoja. "Bonjour, papa. Bonjour, papa." Kasereka Benz aliushika mkono wake na kuutikisa sana: "Merci!"

"De rien, papa," alijibu Kambale, yaani si kitu.

Wakacheka mara mbili ya mwanzo. Kambale alimpa baba mkono, akanipita, na hakusimama. Alitafuta lori la Beni siku ile ile, bila kungoja jibu.

Jibu lilifika jioni. Baba alikuwa amekutana na padri, na nilimsikia akimweleza mama jikoni: "Padri anasema mutoto iko na akili, na kucheza anajua. Mais hapa batamuita Merci mpaka diplôme. Masomo hataona. Afazali abakie kwabo."

Mama alichukua lile godoro, akalichana kwa kisu na kuwapa mbuzi nyasi. Na mimi, mnataka kujua nilifikiri nini? Nilifikiri: hata padri préfet anajua neno langu.

Msimu wote ule walizungumza mechi ile. Tulikuja kufungwa na timu nyingine, vibaya, lakini hakuna aliyezikumbuka mechi hizo. Kila mara pointi ziliongezeka: sabini na moja zikawa themanini, halafu mia. Kambale katika hadithi zao alitufungia bao mara moja, kisha mara tatu, akawa hajui hata mkono wa kulia. Niliitwa nisimulie, nikasimulia, na nikaongeza vyangu. Kambale hakurudi Butembo. Miaka kadhaa baadaye tulisikia ameacha shule na kwenda Manguredjipa kuchimba dhahabu. Kisha, nikiwa nimekwisha kuanza kuhamahama, tulisikia shimo limemfunika yeye na wenzake wawili.

Sikwenda msibani. Nilikuwa mbali, na mtu wa kuhamahama ana sababu nzuri wakati wote.

Basi mwaka uliopita, kutoka Kisangani, nikafika Beni. Motadi wa pikipiki alinipeleka Mulekera. Nyumba ya mama mkubwa inapakana na shule aliyosoma Kambale. Nilimwomba dereva asimame hapo kwanza.

Madarasa yalikuwa yamejaa watu waliokimbia vijiji vyao, moshi wa jikoni ukitoka madirishani. Kiwanja kilikuwepo, cha udongo mwekundu. Upande mmoja nguzo ya chuma ilisimama, na ringi iliyopinda kidogo. Wamama walikuwa wamefunga hapo kamba ya kuanikia nguo. Nilitazama upande wa pili. Kulikuwa na mihogo.

"Ringi ingine iko wapi?" nilimuuliza mzee aliyekuwa analima.

"Ingine gani, mama? Hapa tangu zamani ni moja. Hii shamba ilikuwa ya baba yangu."

Kati ya shule na mihogo, watoto walikuwa wanacheza na mpira wa matambara. Mmoja aliunyakua chini ya ringi, akakimbia mpaka kwenye mstari uliochorwa kwa jembe, akageuka juu ya kisigino, akarudi.

Nilikaa chini pale pale, na sketi yangu nzuri. Walikuwa hawajawahi kucheza na ringi mbili. Wote kumi waliokuja Butembo siku ile walijifunza mpira wa kwenda na kurudi, maana hapakuwa na pengine pa kwenda. Na katika mji wote wa Butembo, katika mashabiki wale wote na hesabu zao, mtu mmoja tu alikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nimeucheza mchezo huo uani kwetu siku moja kabla. Ningeweza kusema, "Kwao ni mustari moja na ringi moja," wakaelewa, hata padri angeelewa. Nilikuwa na maneno hayo yote kinywani na nikachagua moja.

Mama mkubwa haoni vizuri tena. Alinishika uso kwa mikono yote miwili mpaka akanitambua.

"Kahindo! Kahindo wa Butembo! Kambale yangu alikuwa anakutaja kila siku."

Nilimuuliza alikuwa akisema nini.

"Alisema alifunga bao muzuri kule kwenu, batu bote bakasimama, bakaimba merci, merci. Alisema ni wewe ulianza. Balishindwa kumupokea ku collège sababu nafasi ilijaa, lakini jina balimupatia. Alikuwa anajisifu nayo mpaka Manguredjipa." Alipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Na mutoto yake alipozaliwa nyuma ya kifo yake, tukamupatia ile jina ya baba yake. Merci! Letea tantine yako maji."

Msichana wa miaka ishirini hivi alitoka ndani. Alitembea kwa haraka, mwenye miguu mirefu, akanipa kikombe kwa mikono miwili na kuinama kidogo. Nilifungua kinywa kumshukuru, na neno likakataa kutoka.

"Asante," nikasema mwishowe, kama mtu wa Kigoma.

Mama mkubwa alicheka, akanipiga begani. "Aye, Kahindo! Umetembea dunia mpaka umesahau kusema merci?"

Msichana, ambaye alikuwa amefika mlangoni, aligeuka kwa kisigino kimoja na kurudi, akidhani ameitwa.