Gogo la Mwati

Siku ya kwanza kazini sikupewa ufagio, nilipewa gogo. Fundi Mkuu wa gereji ya Makambako, Mzee Mligo, alilisukuma kwa mguu mpaka mbele yangu. Lilikuwa la mti wa mwati, mgumu na mkavu, limekatwa sawa juu na chini.

"Dada, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu, mzee."

"Linatosha. Jeki inainua gari, haishikilii gari. Kinachoshikilia ni hili. Rudia nisikie."

Nikarudia.

Kazi yangu ikawa kutunza magogo na mawe. Gari lisimame pa tambarare, hendibreki ivutwe, mawe yakae mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini. Nati hulegezwa kabla ya kuinua. Jeki huwekwa juu ya ubao, maana udongo wetu mwekundu ukilowa humeza chuma, na kichwa chake kiguse chesisi, ule mfupa wa chuma wa gari, siyo bati. Kisha gogo husimamishwa kando ya jeki. Nalisukuma gari kwa mkono, lisipocheza nasema, "Ingia." Bila neno langu hakuna fundi aliyeingia uvunguni, hata Mzee Mligo mwenyewe.

Meneja alipofungua gereji nyingine Njombe, alituhamisha wawili, mimi na Fundi Gaudensi. Huyo alikuwa na utani. "Mama Mkuu wa Magogo, nipe ruhusa, baridi inanila mgongo."

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, majani yalikuwa meupe kwa barafu na kuni zimelowa. Gaudensi alikuwa anatetemeka hata spana haishiki. Nililitia motoni gogo letu, nalo lilikuwa moja tu. Nilijiambia, Njombe miwati imejaa, mchana nitapata lingine.

Kabla ya mchana akaja dereva wa Ludewa, ana haraka.

"Mama Mkuu, gogo liko wapi?"

"Si ndilo hilo motoni, unaliota."

Gaudensi akacheka, akainua gari, akapanga matofali mawili ya kuchoma mahali pa gogo. "Dakika mbili tu hizi." Akanitazama, akisubiri.

Nami nikasema, "Ingia."

Tofali la kuchoma halilalamiki kabla ya kupasuka. Gogo hulia kwanza, mtu akatoka.

Meneja aliandika kuwa kifo cha Gaudensi ni ajali ya kazini. Mimi nilikwenda kijijini Kifanya kwa mke wa marehemu, Anjelina, nikamwambia lote, gogo na neno.

"Kwa hiyo aliota moto kwanza," akasema.

"Aliota."

Hakuniuliza tena. Mpaka leo sijui kama alinisamehe.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Makambako. Mjukuu wangu Neema ana pikapu ya kubebea viazi, na breki anabadilisha mwenyewe hapa uani. Gogo la mwati nimeliweka karibu na mafiga. Baridi ikizidi, natetemeka nalo pembeni, silitii motoni.

Neema akishainua gari hunigeukia. Naangalia mawe, naangalia ubao, naangalia gogo, nalisukuma gari kwa mkono wangu huu. Halichezi.

"Niingie, bibi?"

Naitikia kwa kichwa tu. Lile neno halijanitoka tena mdomoni.