Mkono wa Kulia wa Bwana Mpima

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Iringa, mnyapara alinikabidhi fimbo ndefu iliyopakwa nyekundu na nyeupe, akaniuliza, "Kulia ni wapi?" Nikanyoosha mkono ninaolia ugali. Akacheka. "Huo uache nyumbani kwa mkeo. Hapa kulia ni kwa Bwana Mpima, na yeye anakutazama usoni."

Ndivyo nilivyoanza kushika fimbo kwa wapima ardhi. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mnivumilie nikizunguka. Kazi ilikuwa hivi: mpima yuko kwenye darubini yenye miguu mitatu, wewe uko mbali, umesimamisha fimbo wima. Sauti haifiki. Akinyoosha mkono wa kulia, unasogea upande wa mkono huo. Akinyoosha wa kushoto, vivyo hivyo. Akiinua yote miwili, ni hapo hapo, gonga kigingi.

Mnyapara yule, Mhehe mwenye maneno mengi, ndiye aliyenieleza kuwa kulia kumetokana na kula: ni mkono wa kulia chakula, halafu ukawa wa kusalimia na kupokea zawadi. Watu wa pwani huuita pia wa kuume, yaani wa kiume. "Na kushoto?" nikauliza. "Huo wa chooni, basi." Neno lenyewe lilikotoka hakujua, nami mpaka leo sijui. Kila niliyemuuliza alinijibu lake.

Nikahamishiwa Mbeya, kisha Chunya, ambako vumbi liliziba kioo cha darubini hata Mpima Mkuu akawa anapima huku anatukana. Huyo alinyoosha mkono wowote mbele ya mtu yeyote. Tulimwona hana adabu. Kumbe adabu nayo ina hatari yake, na hiyo niliijua Chimala.

Tulikwenda kupima mpaka kati ya Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, na jirani yake mkulima wa mpunga. Kaburi la mke wa mzee lilikuwa karibu kabisa na mpaka. Mzee akaja kusimama ubavuni mwangu. Bwana Mpima wa safari hiyo alikuwa mgeni, mtu wa Tanga aliyelelewa vizuri. Akachungulia, akaona fimbo inatakiwa isogee kushoto kwake. Sasa, amnyooshee mzee mkono wa kushoto? Akaona haya. Akatumia wa kulia, akawa anaupitisha kifuani kuelekea kushoto. Mimi kwa mbali nikaona mkono wa kulia tu, nikasogea kulia kwake. Akapunga zaidi, nikasogea zaidi. Mwishowe akakata tamaa, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Nikajua tayari. Nikagonga kigingi.

Wenzangu walikuwa wameshaanza kukoroga zege la jiwe la mpaka. Mzee akatazama kigingi, akatazama kaburi. Limebaki kwa jirani.

"Baba," akaniambia taratibu, "ng'ombe wanahama. Huyu hahami."

Zege likishamwagwa na ramani ikachorwa, kubadilisha ni kesi ya miaka.

Bwana Mpima akaja mbio, jasho linamtoka. "Nani kakuambia ugonge?"

"Si umeinua mikono?"

"Nimejishika kichwa! Nakuonyesha kushoto, wewe unakwenda kulia!"

"Kushoto kwa mkono wa kulia, bosi?"

Kisha akamgeukia mzee. "Shikamoo babu. Nisamehe. Nikirudi kule nitakunyooshea mkono wa kushoto. Si dharau."

"Marahaba. Nyoosha, mjukuu wangu. Nyoosha hata mguu, mradi mke wangu abaki kwangu."

Jirani naye, aliyekuwa kwenye jaruba lake la mpunga anatazama, akaangua kicheko. "Mpe mkewe, Bwana Mpima! Mimi wangu mmoja ananitosha!"

Mkono wa kushoto ukanyooka. Nikang'oa kigingi, nikasogea hatua tano, nikalipita kaburi. Mikono ikapanda, kweli safari hii. Mzee akaomba nyundo, akagonga mwenyewe.

Sasa nimestaafu. Siku hizi wanapima kwa vyombo vya setilaiti, hakuna wa kupungiana mikono. Yapo makosa yangu mengine, nayajua yapo, yameganda kwenye zege huko Chunya na Mbeya, sijui kwa hasara ya nani. Lakini lile la Chimala nililing'oa mwenyewe, zege likiwa bado bichi. Nikilifikiria, moyo unatulia.