Padi ya Sajini Oola

Acayo alirudisha mali ya serikali siku ya kumi baada ya kumzika mume wake. Ndivyo inavyofanyika kwenye nyumba za askari Mbuya: mjane anapanga vitu mlangoni, mtu wa stoo anakuja na daftari lake na kuita kimoja kimoja. Acayo alipanga buti, magwanda, blanketi, sahani ya bati, na kimkoba cheusi kigumu chenye zipu. Mtu wa stoo alikifungua, akaona dude lenye vitufe juu na vikono vya chuma mgongoni, akauliza ni nini. Acayo akajibu kwamba ni cha jeshi. Hakukusudia kudanganya. Siku zile alijibu kila swali kwa jibu lililokuwa karibu, ili watu waondoke.

Dude likaandikwa kifaa cha mawasiliano. Mafundi wa redio walikaa nalo siku tisa, wakitafuta pa kuchomeka waya wa antena, mpaka mmoja wao mwenye watoto nyumbani alipoangua kicheko. Likarudishwa. Ilikuwa padi ya kuchezea mpira kwenye televisheni, tena si hizi za kawaida zinazolala kwenye mabanda ya michezo, bali ile ya wenye nazo. Sajini Oola aliinunua alipotoka Somalia, wakati wenzake wananunua mabati. Acayo alimnunia wiki nzima.

Oola hakuwa na kidole cha shahada mkono wa kulia. Vijana wa kambini aliwaambia kilikwenda na risasi. Acayo alijua ni mlango wa lori la viazi. Askari asiye na kidole hicho hapewi bunduki, anapewa mwiko, na Oola alipika miaka kumi na moja. Kwenye padi za kawaida alifungwa na kila mtu, kwa sababu kitufe cha kumkimbiza mchezaji kiko juu, pale pale kidole cha shahada kinapokaa. Hii mpya ilikubali kupangwa upya. Akakizima kitufe cha juu, mbio akazihamishia nyuma, kwenye kikono kinachoguswa na kidole cha pete, na vingine akavihamisha apendavyo. Siku hiyo alishangilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Acayo hakulia mazikoni. Shangazi za mumewe walilisema jambo hilo mbele yake, polepole, ili asikie vizuri. Alikuwa amekufa ganzi tangu alipoambiwa kwamba presha imemwangusha Oola jikoni. Alikunywa chai bila kujua kama ina sukari. Jioni moja, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, aliwasha televisheni akaishika padi.

Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Alibonyeza kitufe cha juu, wachezaji wake wakatembea kama watu wanaokwenda kuchota maji. Akafungwa saba. Kesho yake akafungwa tisa. Kichwa kilishajua kwamba mbio ziko nyuma, lakini kidole cha pete kilikuwa kivivu, na kila alipokilazimisha aliumwa hadi kwenye kiwiko. Akifunga hakufurahi, akifungwa hakuumia. Aliendelea kwa sababu moja tu: mpangilio ule ulifanywa na Oola, na nyumbani hapakuwa na kitu kingine kilichobaki kama alivyokiacha. Nguo waligawana ndugu. Kitanda kilibebwa na shemeji yake Onen. Padi haikutakiwa na mtu, maana kila aliyeijaribu alisema ni mbovu.

Nyumba ya jeshi nayo ikatakiwa. Akahamia chumba kimoja huko Kasubi, akawa anauza chai na mandazi asubuhi, na saa kumi na moja jioni anakaa mbele ya televisheni. Mwezi wa nne wa kucheza hakufikiri tena mbio ziko wapi. Mwezi wa saba alianza kushinda.

Mwaka ulipokaribia kutimia, kijiti cha kushoto, kile cha kumwelekeza mchezaji, kikaanza kujivuta chenyewe. Acayo akaipeleka padi kwa Mumbere, Mkongomani wa Butembo anayetengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko. Mumbere ni fundi hodari, na ubaya wake ni huo huo: hawezi kukurudishia kitu kikiwa na kasoro, hata kasoro ambayo hukumtajia. Alibadilisha kijiti, akaijaribu padi, akakuta vitufe haviko mahali pake.

"Mama, niliikuta imevurugika mubaya," alimwambia Acayo alipoifuata. "Batoni ya juu ilikuwa imekufa. Nilirudisha yote vile inatokaka kwa kiwanda."

Acayo akaketi mbele ya televisheni ya fundi na kubonyeza nyuma. Hakuna mchezaji aliyekimbia. Hapo akaingiwa na hofu, na hofu yenyewe ilimshangaza, maana hakuwa ameonja kitu chochote karibu mwaka mzima. Akamwomba airudishe ilivyokuwa. Mumbere, kwa aibu, akasema mpangilio wa zamani umefutika, ila mama akimtajia kila kitufe kilikuwa wapi, ataupanga tena.

Acayo akafungua mdomo, akakuta hajui. Hakuwahi kujifunza kwa maneno. Akamwambia fundi atazame mikono yake, akafumba macho, akacheza mechi ambayo haikuwepo. Mumbere akainama, akaandika kwenye kipande cha boksi: mbio, kidole cha pete, pasi hapa, shuti pale. Kikabaki kitufe cha juu, ambacho hakikuguswa na kidole chochote. Mumbere akakitafuta kidole kilichopaswa kukigusa.

"Mama, hii kidole iko na nini? Ulijiumiza?"

Acayo akafumbua macho. Kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia, kilikuwa kimekunjwa na kubanwa ndani ya kiganja. Alikinyoosha. Kilinyooka kwa shida, kizima, bila kovu. Hakujua alianza lini kukificha.

"Hapana kitu," akasema. "Yangu iko. Ni bwana yangu hakuwa nayo. Hiyo ya juu, zima."

Kisha akalia, mbele ya watu waliokuja kufuata simu zao, kwa sauti ambayo shangazi za Oola wangeisikia wakiwa huko kwao Gulu. Mumbere akakizima kitufe cha juu, akatoka nje, akawaambia wateja wasubiri.