Bwana Thelathini

Shemeji yangu ameijua kazi moja tu tangu akiwa kijana wa ndevu tatu: kuwapandisha watu kwenye gurudumu kubwa la uwanja wa bembea, kulizungusha, na kuwateremsha. Miaka ishirini na mbili. Watu wanadhani ni kazi ya kubonyeza kitufe. Mwambie hivyo uone, atakununia mchana kutwa, na jioni atakueleza mpaka ujute kuuliza.

Wenzake wanamwita Bwana Thelathini, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Viti vya gurudumu lile viko wazi, kila kimoja cha watu wawili, na kinachomzuia mtu asichomoke ni chuma kinachoshushwa juu ya mapaja. Umeme ukikatika, jenereta huchukua nusu dakika kuamka. Nusu dakika hiyo viti vinayumba huko juu, na abiria asiyeweza kujishikilia anaweza kuteleza chini ya chuma. Iliwahi kutokea, mwaka wake wa pili kazini. Mtu mzima aliyepooza miguu aliteleza, bahati yake kiti kilikuwa karibu na ardhi, akavunjika bega. Shemeji ndiye aliyemwokota.

Baada ya siku ile alibuni kipimo chake. Alichukua kiti kizee cha gurudumu, akakifunga juu ya springi pale mlangoni, na kila abiria mwenye kiti cha magurudumu, magongo au viungo dhaifu hukalia kile kwanza. Aje na mtu wake wa kumhamisha, kwa sababu wafanyakazi hawaruhusiwi kumnyanyua abiria. Chuma kinashushwa, abiria anakishika kwa mkono mmoja, na Shemeji anakitikisa kiti kwa mikono yake yote miwili, jinsi upepo utakavyokitikisa, huku akihesabu kwa sauti, namba moja kwa sekunde, mpaka thelathini. Ukifika, unapanda. Usipofika, unarudi ulikotoka, na jaribio ni moja kwa siku, maana watu walikuwa wakirudia na kurudia mpaka mikono inakufa ganzi. Hana simile katika hilo. Mwaka jana alimrudisha mtoto wa magongo aliyefika ishirini na saba. Mama wa mtoto alimlaani mbele ya foleni nzima. Shemeji alikuja nyumbani hakula, na dada yangu, ambaye ni mkewe, akamwambia, "Ulifanya sawa. Sasa kula, chakula hakijakukosea."

Dada hakuwahi kulipanda gurudumu lile hata mara moja. Miaka kumi na minane alimpelekea mumewe chakula cha mchana pale mlangoni, akasimama chini na bakuli lake akiangalia juu. Alikuwa akisema, "Leo nipandishe." Na Shemeji alikuwa akijibu, "Leo foleni ndefu. Kwani gurudumu lina miguu, litakwenda wapi?" Ikawa wiki ijayo, ikawa mwezi ujao, ikawa watoto wa majirani wamekua wakaoa. Gurudumu halikwenda popote. Aliyekuwa na miguu ni dada yangu, na ndiyo iliyokwenda.

Ilianza na ndala. Zilikuwa zinamvuka njiani asijue, anafika dukani na mguu mmoja mtupu, tukamcheka. Kisha ngazi zikamshinda. Kisha siku moja alasiri nilimkuta sakafuni jikoni, amekaa kando ya jiko lililozima, akaniambia anapumzika, kumbe alikuwa hapo tangu saa mbili asubuhi. Daktari alisema ni misuli, inakufa kuanzia chini kupanda juu, na hakuna dawa ya kuirudisha. Alisema, "Mikono itafuata." Hakusema lini, ila alikwepa macho yetu.

Pale pale kwenye korido ya hospitali, ndani ya kiti cha magurudumu tulichoazimwa, Dada alituambia, "Basi kabla mikono haijafuata, nataka nipande lile gurudumu. Nataka nilione paa la nyumba yangu kutoka juu. Sitaki kingine, na msianze kulia hapa."

Mimi ni fundi wa mabegi, nashona zipu na mikanda, na sina mume wa kuniuliza nakwenda wapi. Nilibeba cherehani yangu nikahamia kwao. Nilimshonea Dada mkanda mpana wa kiunoni wenye vishikio vinne, wa utepe ule ule wa mikanda ya magari, ili nimnyanyue bila kumvuta kwapani. Shemeji alileta kamba yenye mafundo: fundo moja ni kimo cha kiti cha gurudumu, la pili ni upana wake, la tatu ni nafasi kati ya jukwaa na kiti, shibiri moja. Tukainua kibenchi cha sebuleni kwa matofali mpaka kikalingana na fundo. Mpini wa ufagio ukawa chuma.

Kumhamisha mtu ni ufundi. Unaegesha kiti chake kwa mshazari, unafunga breki, unabana magoti yake kwa magoti yako, unashika mkanda, unahesabu moja, mbili, halafu mnageuka pamoja. Mara ya kwanza tulianguka wote wawili juu ya kibenchi, mimi juu, yeye chini. Dada alicheka mpaka machozi. "Mdogo wangu, hata mume wangu hajawahi kunikumbatia hivi mchana," alisema, na Shemeji akatoka nje kwa aibu.

Siku tuliyopima mkono kwa mara ya kwanza, alishika mpini wa ufagio mpaka arobaini na nne. Nilipiga makofi. "Kesho tunakwenda," nilisema.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na buti zake mkononi. "Kesho halizunguki," alisema. "Nimesikia beringi inagonga. Nimelifunga mwenyewe. Spea inaagizwa, wiki tano."

Nilimwambia maneno ambayo mwanamke hamwambii shemeji yake. Nilimuuliza kama hiyo beringi isingeweza kugonga siku moja zaidi. Akajibu kwa ile sauti yake ya mlangoni, "Haraka haraka haina baraka." Nikamrudishia, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo." Dada alitunyamazisha kwa kugonga mpini wa ufagio kwenye kiti. "Kwa hiyo ulitaka nipande kitu kibovu?" aliniuliza. Hasira haikuondoka.

Wiki ya kwanza, arobaini. Ya pili, thelathini na saba. Ya tatu alianza kushika kikombe kwa mikono miwili, na sote tukajifanya hatujaona. Ya nne, thelathini na tatu. Nilikuwa nikiamka alfajiri kuomba, na sala yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa ya beringi. Sikumwombea dada yangu apone. Nilijua hilo limeshindikana. Niliomba chuma kifike.

Kilifika. Shemeji na mafundi walikifunga, wakalizungusha tupu siku mbili, wakasema Jumamosi litafunguliwa. Jumatano tulipima, akafika thelathini na moja. Mpini ulimponyoka ukaanguka sakafuni, na Dada akauangalia pale chini. "Tusipime tena," alisema. "Huu mkono tusiutumie bure."

Ijumaa nilimfuata Shemeji uani, akifua sare yake. Nilimwambia kwa kunong'ona, "Ruka namba nne tu. Toka ishirini nenda ishirini na tano. Nani atajua?"

Aliacha kukamua shati. "Shemeji, unajua unaniomba nini?"

"Namwombea mkeo."

"Nikimrukia yeye," alisema, "wale wote niliowarudisha nilikuwa nawafanyia nini?" Akaniachia shati linachuruzika kwenye beseni, akaingia ndani. Nilimchukia siku ile. Nasema kweli, nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Jumamosi aliivaa sare hiyo hiyo, ameipiga pasi mpaka inasimama yenyewe. Alikuwa amempanga mwenzake aendeshe mtambo, ili yeye apande kando ya mkewe. Miaka ishirini na mbili, naye hakuwahi kupanda kama abiria. Dada alivaa kitambaa chekundu kichwani. Njiani nikimsukuma alikuwa amekumbatia mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto ili usipate kazi.

Tulifika mapema, foleni ilikuwa watu kumi hivi. Nilimwegesha, nikafunga breki, nikabana magoti, moja, mbili, tukageuka. Akakaa kwenye kile kiti cha mlangoni safi kabisa, hata mwenzake Shemeji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kiti chao cha kweli kilikuwa kimeshaletwa chini kinasubiri, chuma kimeinuliwa. Shemeji alishusha chuma cha jaribio. Dada akashika.

"Moja," alisema Shemeji, akaanza kutikisa.

Mimi nilikuwa nyuma ya Dada, sioni uso wake. Niliona vidole vyake tu. Kwenye kumi vilikuwa vyeupe. Kwenye kumi na tano kidole kidogo kilifunguka, kikabaki hewani. Shemeji alikuwa anakiangalia kidole kile. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini.

"Ishirini na tano," alisema.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilisema kimyakimya, ahsante, shemeji yangu, nisamehe yote.

"Umeruka," alisema Dada.

"Sijaruka."

"Umeruka. Umetoka ishirini ukaenda ishirini na tano." Alikuwa anahema, anasema neno moja moja. "Yule mtoto wa magongo, ulimhesabia zote. Mbele ya mama yake. Na mimi nihesabie zote. Rudi."

"Mke wangu, tafadhali."

"Rudi ishirini na moja."

Sijawahi kumwona mwanamume akilia huku anafanya kazi. Mikono yake haikuacha kutikisa hata mara moja, mikono ile imezoea, machozi yalimwagika yenyewe hana wa kuyafuta. "Ishirini na moja," alisema. "Ishirini na mbili." Foleni nzima ilikuwa inatuangalia. "Ishirini na tatu. Ishirini na nne." Kidole cha pili kikafunguka. "Ishirini na tano. Ishirini na sita."

Mkono ukaanguka mapajani.

Shemeji alikisimamisha kiti. Mwenzake alishusha chuma cha kile kiti kilichokuwa kinasubiri, akakiondoa kikaenda juu kitupu. Nilipomrudisha Dada kwenye kiti chake cha magurudumu alikuwa mzito kuliko siku zote, au mimi nilikuwa nimeishiwa nguvu. "Jumamosi ijayo," alimwambia mumewe. "Nitakuwa nimepumzika." Akamwambia aache kulia, watu wanasubiri.

Jumamosi iliyofuata hatukutoka nyumbani. Tulipima kwanza na mpini wa ufagio, ukaanguka kwenye kumi na nne. Dada alisema basi, kibenchi kishushwe, matofali yarudi uani. Shemeji aliyabeba mawili mawili.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, nafumua ule mkanda ili nitengeneze kitu cha kumshikilia kiwiliwili kwenye kiti, kwa maana sasa alikuwa anainama upande. Nikawa naikumbuka siku ile, ninavyoikumbuka kila siku, nikiyarudia maneno yao mdomoni taratibu, kwa pumzi ile ile ya dada yangu. Umeruka. Sijaruka. Yule mtoto wa magongo. Mbele yangu kulikuwa na saa ya ukutani. Sijui kwa nini niliinua macho.

Tangu Shemeji aliposema ishirini na tano mpaka alipoanza upya ishirini na moja, zilikuwa sekunde kumi na mbili. Nilirudia. Kumi na mbili. Nilirudia mara ya tatu, haraka haraka, nikitamani nimekosea. Kumi na moja. Na mikono yake ilikuwa inatikisa muda wote, na vidole vya dada yangu vilikuwa vimeshika muda wote. Ishirini, na kumi na moja, na sita. Ile nusu dakika ya jenereta dada yangu aliipita, akabaki na sekunde saba mkononi. Alishika. Alishika huku anabishana. Sisi sote tulikuwa tunasikiliza namba, hata mmoja wetu hakukumbuka kwamba muda haungoji watu wamalize kubishana.

Nilitaka kukimbia nikawaambie. Nilifika mpaka mlango wa chumba chao. Shemeji alikuwa amekaa kitandani, anamnyoosha mkewe vidole kimoja kimoja, kama daktari alivyomfundisha, na vilivyoachwa vilikuwa vinajikunja tena. Nikarudi kwenye cherehani.

Jumapili iliyopita, saa saba mchana, nilikuwa namlisha. Shemeji alikuwa kando, anammenyea chungwa. Dada alimeza, akatulia, akauliza, "Hivi siku ile nilifika ngapi?"

"Ishirini na sita," alisema Shemeji, bila kuinua macho kwenye chungwa. Hajawahi kumdanganya mtu zaidi ya mara ile moja, na ishirini na sita hiyo aliisema kwa uaminifu wake wote.

"Basi ilikuwa bado," alisema Dada.

Nilichukua kitambaa nikamfuta mdomo.