Dakika Ishirini kwenye Sakafu ya Kahawa

Mwaka jana nilipanda Lushoto kumzika shangazi, na asubuhi ya pili nikajikuta nimesimama pale ambapo zamani chama cha ushirika kilianika kahawa. Sakafu ya saruji bado ipo. Imepasuka, na mtu amemwaga mboji katikati akaotesha miche ya kabichi, lakini ukingo wa upande wa bonde uko vilevile, wazi, hauna hata jiwe. Nilitaka kwenda kuchungulia. Nikageuka, nikarudi msibani.

Nikusimulie, rafiki, maana nimechoka kulijua jambo hili peke yangu.

Tulikuwa kidato cha pili, enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Duka lililozoea kuuza chumvi na viberiti lilijaa sabuni za kunukia, na mitumba ilimwagwa sokoni juu ya maturubai. Nyuma ya mashine ya kusaga palifunguliwa kibanda cha video. Tulikaa humo kwenye mabenchi yenye vumbi la pumba, tukiwatazama vijana wa miji ya mbali wakizunguka juu ya vichwa vyao kama pia. Jioni nilirudi nyumbani kwenye moshi wa mkaratusi na chungu cha makande, na bibi aliniuliza kwa Kishambaa nimejifunza nini. Nilimjibu hesabu.

Darasani kwetu alikuwepo mmoja aliyeweza kucheza breki kama wale wa kwenye video. Mama yake aliuza mitumba, kwa hiyo alikuwa na suruali ya nailoni yenye mistari na kofia ya sufu. Tulimwita Springi. Alipolala chali na kujizungusha, hukuona mifupa, uliona kitu kinachomiminika. Taabu yake ilikuwa moja tu: huku kwetu hakuna mahali tambarare. Shamba limeinama, uwanja wa shule umeinama, hata uani kwetu maharage yaliyomwagika yalikimbilia jikoni. Tambarare pekee iliyobaki bila kazi ilikuwa sakafu ya ushirika, kwa sababu wanunuzi wapya wa kahawa walikuja na mizani zao msimu mmoja, wakapotea, na watu wakang'oa mibuni. Ukuta mfupi wa pembeni ulikuwa umebebwa jiwe kwa jiwe kujengea vyoo. Bibi hakupapenda. Alisema mlimani kila tambarare ina mwenyewe, na mwenyewe akiondoka, usiharakishe kukaa.

Kamera ilikuwa ya shule. Mzungu mmoja wa kujitolea aliiacha, na mwalimu wa jiografia akataka tutengeneze filamu ya mmomonyoko wa udongo kwa ajili ya siku ya wazazi. Nilichaguliwa mimi kwa sababu nilikuwa nimekisoma kile kitabu cha maelekezo chote, kwa kamusi, mpaka nikaota vitufe vya kamera. Sikufundishwa na mtu. Ndiyo maana niliogopa kukosea kuliko wengine: picha ikitikisika kidogo, niliirudia upya. Tulipomaliza matuta na makorongo, mkanda ulibaki na dakika ishirini. Springi alizijua hizo dakika kuliko mimi. Mwenye ukumbi wa disko kule Tanga alikuwa amemwambia kwamba akimletea picha za kucheza kwake, atamchukua wakati wa likizo, na huenda moja kwa moja. Kwake ilikuwa hiyo, au kubeba matenga ya kabichi mgongoni hadi barabarani maisha yake yote.

Sakafu ilikuwa na chengachenga zilizomkwaruza mgongo. Hapo ndipo nilipotoa wazo langu. Sisi wasichana tulikuwa na adhabu ya kung'arisha sakafu ya ofisi ya mkuu wa shule: unayeyusha mishumaa ndani ya mafuta ya taa, unapaka, unasugua kwa gunia mpaka uone meno yako. Jumamosi ile tulipaka kipande kikubwa cha ile saruji. Jua likakikausha. Kiling'aa kama sinia.

Mara ya kwanza alicheza vizuri sana. Mwenye redio, msichana tuliyekaa naye dawati moja, alipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakanyanyua vichwa.

"Tena," nikasema.

"Dada wa kamera, hukuona?" Springi alikuwa anahema.

"Mkono umetoka nje ya picha."

"Mkono! Watu wa Tanga wanataka miguu."

"Huyu ukimpa malaika atamwambia akunje bawa," mwenye redio akasema. "Na betri za mjomba wangu zinaisha, jamani."

Wakacheka. Nilicheka pia, lakini jicho langu halikutoka kwenye kioo cha kamera. Akacheza mara ya pili, mara ya tatu. Nikaona kwamba nyuma yake kuna ukuta wa ghala uliobanduka chokaa. Nilitaka nyuma yake ionekane nyika, ile ya kule chini Mombo, iliyotandazwa mpaka macho yanachoka. Nikahamisha kamera.

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Huko kwetu ukungu hauji kama mvua, unakuja kama mtu anayetembea bila viatu. Ulipita juu ya sakafu, ukaondoka, ukarudi. Mbuzi wakanyamaza. Nikaona vitone vya maji vimekaa juu ya nta, vimesimama, saruji haivinywi. Nilivijua vitone vile. Wiki moja kabla, karani wa shule aliteleza ofisini juu ya vitone kama hivyo, akavunja kikombe na jino.

Nilijua, rafiki. Sitaki uniambie kwamba nilikuwa mtoto.

"Mara ya mwisho," nikasema. "Rudi nyuma hatua mbili."

"Huku ni ukingoni."

"Hatua mbili tu. Nyika haionekani vizuri."

Akarudi. Alijirusha mgongoni kama kawaida yake, akazunguka mara moja, mara mbili, na safari hii hakupunguza mwendo. Ndani ya kile kioo kidogo nilimwona anasogea pembeni taratibu, miguu bado juu, kisha nikawa natazama nyika peke yake. Redio iliendelea kupiga.

Alianguka kwenye mawe ya tuta la chini. Wanaume walimbeba kwa machela ya miti na blanketi mpaka barabarani, wakipokezana mabega, mama yake akiwafuata na kofia mkononi. Nyonga ilivunjika. Mguu ulipona, lakini ulipona mfupi.

Mwalimu wa jiografia aliniita. "Ilikuwaje?"

"Alikuwa anacheza, mwalimu. Nilimwambia aache."

Mwenye redio alikuwa pembeni yangu. Alitazama viatu vyake. Hakunipinga, na tangu siku ile hakukaa nami tena dawati moja.

Lakini mkanda ulikuwa na sauti yangu. Nilijifungia stoo ya vitabu, nikautazama mara mbili kwenye kioo cha kamera, nikasikia: hatua mbili tu. Kesho yake nikaurudisha nyuma mpaka yalipoishia makorongo, nikaiweka kamera mbele ya kitalu cha miche ya miti, nikabonyeza kurekodi juu yake, nikakaa dakika ishirini. Siku ya wazazi wageni walitazama miche isiyotikisika mpaka wengine wakasinzia. Mkuu wa shule alinisifu kwa utulivu wa picha. Watu wakanipigia makofi.

Nilipokuwa nikishuka kutoka kwenye mazishi, gari lilisimama Soni. Springi alikuwa kando ya barabara na peasi zake, fimbo imeegemea ndoo, binti yake wa miaka kama minane akipanga mafungu.

"Dada wa kamera!" akaita. "Njoo umwambie huyu. Anasema baba muongo, baba hajawahi kucheza."

"Alicheza," nikamwambia mtoto. "Kuliko wote."

Mtoto alimtazama baba yake, kisha mguu, akacheka kwa adabu.

"Walisema mkanda uliliwa na unyevu," Springi akasema.

Nikamwambia pale pale, mbele ya peasi, kwamba niliufuta mimi, na kwa nini. Hakupandisha sauti. Alichukua peasi moja iliyokuwa imebonyea, akaitoa kwenye fungu, akaweka nyingine.

"Mimi sikuwahi kujiona," akasema. "Hata mara moja."

Kondakta alikuwa ananiita. Nilipanda, na gari likashuka kona baada ya kona kuelekea Mombo. Kibanda cha video hakipo, ushirika haupo, bibi hayupo. Hivyo vyote wakati ulivichukua wenyewe. Kile kingine nilikichukua mimi. Dunia nzima ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwona Springi akicheza kwenye picha. Niliutazama ule mkanda mara mbili nzima, na mara zote mbili nilikuwa naisikiliza sauti yangu. Sikumtazama.