Mkono wa Mama Nilioukataa

Jumanne, mwezi wa kumi. Mvua tangu asubuhi, mtaa wetu wa Mususa wote ni tope. Risasi zimesikika upande wa Rughenda, kisha kimya, na hicho kimya ndicho kinaniogopesha zaidi.

Mwanangu Kasereka, umeniambia kesho unafuata wenzako porini, mkanyunyiziwe maji ya vita. Umesema, "Baba, mutu akipata ile mayi anazaliwa upya, risasi hapana kumuingia." Acha niandike, maana nikisema natetemeka.

Nakumbuka siku moja, wakati wa uasi ule wa zamani, nikiwa na miaka kumi na saba kama wewe. Nilikuwa nimebatizwa Pasaka ile, lakini woga haukunitoka, nikadhani ubatizo wangu haukushika. Nikaenda kwa waasi, nikanyunyiziwa. Sharti moja lilikataza kushikana mkono na mtu asiyenyunyiziwa, la sivyo maji yangekufa nguvu. Nikapita nyumbani. Mama akanyoosha mkono anisalimie. Nikarudi nyuma.

"Mama, hapana kunigusa."

Akautazama mkono wake, akaupangusa kwenye kitenge kana kwamba una uchafu.

Siku ya tatu, darajani, rafiki yangu Kambale alipigwa risasi, akafa karibu yangu. Mkubwa wetu akasema amevunja sharti. Labda. Sitaki kumsingizia mkubwa yule, naye aliamini. Ila nilikuwa na Kambale muda wote, sikuona alipovunja. Nikatoroka.

Katekista wetu, aliyenifundisha kabla ya ubatizo, alinikuta nimejificha jikoni kwa mama. "Donc, basi umezaliwa upya?" akaniuliza. "Mutoto muchanga analilia mama yake. Wewe umemukimbia. Ni kuzaliwa gani huko?"

Mama akasema, "Mwache, katekista, hata ndevu hajaota."

Nikamshika mama mkono. Nilikuwa bado natetemeka.

Mwanangu, nimesoma miaka minne tu, padri anaweza kunisahihisha. Lakini yule mzee aliyemuuliza Yesu kama mtu aweza kurudi tumboni mwa mama yake, alijibiwa juu ya maji na Roho, hakuahidiwa ngozi ya chuma. Naona aliyezaliwa na Roho anaweza kubaki na woga wake, ila moyo wake unawasogelea watu, hauwakimbii. Wenzako si wabaya. Wanataka kulinda mashamba yetu, na mimi sina njia nyingine ya kuwaonyesha. Hata hivyo, usiende. Kila asubuhi urudie ubatizo wako: ungama, samehe, msalimie hata yule unayemwogopa. Na ukitetemeka, usidhani Mungu amekuacha, kwa sababu mimi ningali natetemeka.

Mungu aliyekuzaa mara ya pili akufunike, utoke mzima, urudi mzima, unizike mimi, nisikuzike wewe.

Nimekusomea haya. Umesikiliza mpaka mwisho. Jioni tumekula bugali na sombe ya majani ya muhogo. Umeomba kuongezewa, na mama yako amekuongezea bila kuuliza kama ni chakula cha safari au cha kubaki.